Vyumba Vitatu Mtaa wa Chestnut: Kisa cha Thomas Fountain Blue na Darasa Lake la Wakutubi

Tarehe 23 Septemba 1905, jijini Louisville katika jimbo la Kentucky, maktaba ya umma ilifunguliwa ndani ya nyumba ya kuishi. Vilikuwa vyumba vitatu tu, Mtaa wa West Chestnut, nyumba namba 1125, kwa familia moja ya Weusi. Aliyekabidhiwa vyumba hivyo alikuwa mwanamume wa miaka 39 aitwaye Thomas Fountain Blue. Ukutubi hakuwa ameusomea hata siku moja. Alikuwa amesomea ualimu, kisha uchungaji.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1922, mtu huyohuyo alisimama mjini Detroit kwenye mkutano wa Chama cha Wakutubi cha Marekani. Alikwenda kueleza jinsi anavyofundisha wakutubi. Ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kupangiwa nafasi ya kuzungumza katika mikutano ya chama hicho.

Wanaomtaja Blue leo huishia kwenye neno hilo: wa kwanza. Wa kwanza kuongoza tawi la maktaba ya jiji, wa kwanza hiki, wa kwanza kile. Sifa ya kutangulia ni tamu, lakini haielezi mengi, na hata yenyewe inahitaji uangalifu. Huko Galveston, Texas, tawi la Weusi lilifunguliwa mapema mwaka huohuo wa 1905, likiwa limeshikizwa kwenye shule ya sekondari. La Louisville lilijitegemea, na kila aliyefanya kazi humo alikuwa Mweusi. Hiyo ndiyo tofauti. Mimi kinachonivuta katika kisa hiki ni jambo jingine: ilikuwaje mtu asiye na cheti cha kazi akawa ndiye mwenye darasa la kazi hiyo kwa nusu ya nchi?

Kwa nini Louisville

Tuanze Atlanta, maana bila Atlanta Louisville haieleweki. Mwaka 1902 jiji hilo la Georgia lilifungua maktaba nzuri iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa chuma Andrew Carnegie. W.E.B. Du Bois, wakati huo profesa mjini humo, alikwenda na wenzake kwa wadhamini wa maktaba kuuliza kwa nini Weusi, ambao nao hulipa kodi, wasiruhusiwe kuingia. Walijibiwa kwa upole na wakatoka mikono mitupu. Tawi la kwanza la Weusi Atlanta lilifunguliwa mwaka 1921. Hesabu mwenyewe: miaka 19.

Louisville ilianzisha maktaba yake ya umma mwaka huohuo wa 1902, na miaka mitatu baadaye tawi la Weusi lilikuwa linaazimisha vitabu. Wazungu wa Kentucky hawakuwa na moyo mweupe kuliko wa Georgia. Mwaka 1904 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku wanafunzi Weusi na Wazungu kusoma pamoja, sheria iliyolenga Chuo cha Berea ambacho kilikuwa kimewachanganya tangu zamani. Kwa hiyo usidhani palikuwa na huruma.

Palikuwa na kura. Majimbo ya kusini zaidi yalikwisha kuwapokonya Weusi kura kwa kodi za kupigia kura na mitihani ya hila. Kentucky haikufika huko. Diwani wa Louisville aliyetaka kushinda ilimbidi ahesabu pia mitaa ya Weusi. Nguvu hiyo ilikuja kuonekana wazi mwaka 1920, jiji lilipowaomba wananchi waidhinishe mkopo kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Louisville. Weusi, ambao chuo hicho hakikuwapokea, walipiga kura ya kuukataa na mkopo ukaanguka. Ndipo mazungumzo yakaanza, na mwaka 1931 kikafunguliwa chuo kwa ajili yao. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa kisa chote. Maktaba ya Mtaa wa Chestnut ilitolewa na watu waliojua kwamba wanaoomba wanaweza kuwaadhibu.

Na aliyeomba hakuwa mtu wa kuomba mara moja akanyamaza. Albert Ernest Meyzeek alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa kaskazini aliyehamia Louisville mwaka 1890. Aliifuata kamati ya maktaba na hoja zake hadi mpango wa matawi ukawa na nafasi ya tawi la Weusi. Katika visa vya namna hii jina la msukumaji hupotea na la mwenye ofisi hubaki. Meyzeek alifungua mlango, Blue akapewa kiti.

Mtu aliyetoka YMCA

Blue alizaliwa mwaka 1866 huko Farmville, Virginia, mwaka mmoja baada ya vita vilivyokomesha utumwa, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Alimaliza chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1888, akafundisha shule, akapata shahada ya theolojia Richmond mwaka 1898. Wakati wa vita vya Marekani na Hispania alihudumu kama katibu wa YMCA, chama cha Kikristo cha vijana, katika kikosi cha Weusi cha Virginia, na mwaka 1899 akaja Louisville kuongoza tawi la YMCA la vijana Weusi.

Miaka hiyo sita ya YMCA wasifu nyingi huipita kwa mstari mmoja. Kwangu ndiyo iliyomfanya awe mkutubi wa aina aliyokuwa. Mkutubi aliyetoka chuoni siku zile angeanza na kadi na rafu. Katibu wa YMCA huanza na swali la vijana watafanya nini Ijumaa jioni. Blue alipoingia maktabani aliingia na swali hilo mfukoni.

Mwezi Oktoba 1908 tawi lilihamia jengo lake lenyewe, lililojengwa kwa fedha za Carnegie kwenye kona ya Mtaa wa Kumi na Chestnut. Juu palikuwa na vitabu. Chini palikuwa na ukumbi na vyumba vya mikutano. Wengi wangesema moyo wa jengo ni ule wa juu. Nenda ukaangalie palikuwa panafanyika nini chini. Kulikuwa na klabu ya midahalo ya wavulana iliyopewa jina la Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, na kikundi cha kusoma kilichopewa jina la Benjamin Banneker, yule mwanahisabati Mweusi wa karne ya 18. Mshairi na mwalimu wa mjini humo, Joseph Cotter, alianzisha mashindano ya watoto ya kusimulia hadithi, na mshindi akawa anapewa kikombe. Makundi ya kanisa, ya walimu na ya ustawi wa jamii yalipata mahali pa kukaa.

Fikiria maana yake katika jiji ambalo hoteli, kumbi na mikahawa ya Wazungu vilikuwa vimefungwa kwa Weusi. Walikuwa na makanisa, ndiyo, lakini kanisa lina dhehebu lake na mchungaji wake. Hapa palikuwa na jengo la umma, lenye taa na joto wakati wa baridi, ambapo Mbaptisti na Mmethodisti walikaa meza moja bila mmoja kuwa mgeni wa mwenzake. Blue alilielewa hilo mapema, na alilitangaza bila kuchoka.

Upande wa watoto aliushika Rachel Davis Harris, mzoefu wa kufundisha aliyekuwa msaidizi wake. Kama ningekuwa na nafasi ningeandika kisa kizima juu ya huyu mama. Saa za hadithi, ziara za shuleni, vitabu vilivyopelekwa madarasani: sehemu kubwa ya kilichofanya tawi lijulikane majumbani ilipita mikononi mwake. Mzazi asiyejua kusoma hakuja maktaba kwa ajili ya Blue. Alikuja kwa sababu mtoto wake alimvuta sketi.

Januari 1914 tawi la pili la Weusi, la Mashariki, likafunguliwa, nalo kwa fedha za Carnegie.

Msomaji wa Nairobi hapa atakumbuka jambo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 pale katikati ya mji, nayo ilipata fedha za Carnegie, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukaa kwenye viti vyake. Fedha zilezile, ukuta uleule, bahari katikati. Carnegie na mfuko wake hawakuuliza nani atafungiwa nje. Walitoa na kuwaachia wenyeji waamue, na wenyeji wenye kuamua walijulikana ni nani.

Darasa

Tawi likikua linahitaji watu, na hapo Blue alikwama. Katika majimbo yote ya kusini hapakuwa na shule ya ukutubi iliyompokea Mweusi. Kaskazini mlango ulikuwa na ufa: Edward Christopher Williams alihitimu shule ya ukutubi ya Albany, New York, mwaka 1900, na anahesabiwa kuwa Mweusi wa kwanza nchini mwenye mafunzo kamili ya kazi hiyo. Ila msichana wa Louisville aliyemaliza sekondari angeishi vipi New York, kwa fedha ya nani, ili arudi kufanya kazi ya tawi moja?

Kwa hiyo Blue akafundisha mwenyewe. Kufikia mwaka 1912 darasa lilikuwa na mpangilio rasmi. Aliyetaka kujiunga alichujwa kwanza. Kisha alijifunza namna ya kupanga vitabu kwa namba, kuandika kadi za orodha, kuhudumu kwenye meza ya kuazimisha, kujibu maswali ya wasomaji, kukaa na watoto. Sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kazi yenyewe: unasimama mezani, msomaji anakuja, unakosea, unarekebishwa. Mwishoni ulipimwa. Ndivyo fundi cherehani anavyofundishwa Kariakoo hadi leo, na maktaba nyingi za Wazungu Marekani nazo zilikuwa na madarasa ya uanagenzi ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba Mzungu aliyeona darasa la jijini kwake halimtoshi alikuwa na shule za kwenda. Mweusi wa kusini alikuwa na hili moja.

Na hapa ndipo kisa kinapopanuka. Miji mingine ilipofungua matawi ya Weusi ilianza kuwatuma watu wake Louisville. Walikuja kutoka Birmingham, Nashville, Houston na kwingineko kusini. Walikaa, wakajifunza, wakarudi kuendesha tawi kwao.

Ukiangalia haraka utaona msaada wa mafunzo tu. Angalia tena. Baraza la jiji lililotaka kukwepa lilikuwa na kisingizio kizuri: tungependa kuwafungulia maktaba, ila nani ataiendesha? Mkutubi Mzungu hatakubali, Mweusi aliyesomea hayupo. Darasa la Blue lilikiua kisingizio hicho. Lilizalisha watu wenye jina, uzoefu na barua ya maktaba ya jiji kubwa. Kila aliyehitimu alikuwa hoja inayotembea.

Ndiyo maana nasema neno «wa kwanza» linamdhulumu Blue. Wa kwanza anaweza kubaki peke yake. Yeye aliandaa wa pili, wa tatu na wa ishirini, na akawapeleka mahali ambako yeye hakufika.

Bei yake

Sasa upande ambao wasifu za kumsifu huukwepa.

Matawi ya Blue yalikuwa chini ya bodi ileile ya wadhamini na chini ya mkutubi mkuu wa jiji, Mzungu: kwanza William Yust, kisha kuanzia 1912 George Settle. Walimsaidia, hilo halina ubishi. Yust alichunguza jinsi maktaba za kusini zinavyowahudumia Weusi na kuchapisha matokeo mwaka 1913, na Louisville ikawa mfano wa kutajwa. Lakini mfano wa nini? Msomaji mmoja angeona ushahidi kwamba Weusi wanaweza kuendesha maktaba kikamilifu. Mwingine, kwa kurasa zilezile, angeona ushahidi kwamba kutenganisha kunafanya kazi, basi kuendelee. Mafanikio ya Blue yalitumiwa na pande zote mbili, na hakuwa na namna ya kuuzuia upande wa pili.

Mwaka 1919 aliundiwa Idara ya Watu wa Rangi, yeye akiwa mkuu wake. Kwa maneno ni kupandishwa cheo. Kwa ramani ni kusogezwa pembeni: idara yote ilikuwa ndani ya ua uleule, na juu yake hapakuwa na ngazi nyingine. Hata wanafunzi wake walifungwa hivyohivyo. Cheti cha Louisville kiliwapeleka kwenye matawi ya Weusi tu. Ukimfundisha mtu vizuri kwa kazi ambayo iko mahali pamoja pekee, umempa kazi na umempa mpaka.

Jiji hilohilo lilikuwa na watu wa njia nyingine. Mwezi Mei 1914, miezi minne baada ya tawi la Mashariki kufunguliwa, Louisville ilipitisha sheria ya kumzuia Mweusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu vivyo hivyo. William Warley, mhariri wa gazeti la Weusi, alikubaliana na dalali Mzungu aitwaye Buchanan kununua kiwanja katika mtaa wa namna hiyo, ili sheria ipelekwe mahakamani. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta kwa kauli moja.

Ni rahisi kuwaweka Warley na Blue kwenye mizani na kuuliza nani alikuwa jasiri zaidi. Wapo waliofanya hivyo, na Blue huonekana mpole kupita kiasi: hakuna rekodi maarufu ya yeye kuisimanga bodi hadharani. Sioni kwamba swali hilo linafika mbali. Warley alihitaji siku ya mahakamani. Blue alihitaji bodi isaini bajeti kila mwaka kwa miaka thelathini. Mtu wa bajeti huchunga mdomo wake. Swali ninaloona lina faida ni alilolifanya kwa kile alichopewa, na hapo ushahidi uko mezani: alipewa vyumba vya vitabu, akavigeuza ukumbi wa watu; alipewa upungufu wa wafanyakazi, akaugeuza darasa.

Ninachomlaumu ni kimoja, na hata hicho kwa sauti ya chini. Mafunzo yote yalisimama juu ya mtu mmoja na jengo moja. Darasa lilikuwa mali ya maktaba ya jiji, na uhai wake ulitegemea kama maktaba bado inalitaka. Labda hakuwa na uwezo wa kufanya vinginevyo.

Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya ukutubi kwa ajili ya Weusi, kwa fedha za Carnegie tena, na wapi? Hampton, chuo alichosoma Blue mwenyewe. Aliyewekwa kuiongoza alikuwa mwanamke Mzungu, Florence Rising Curtis. Mwezi Machi 1927 Hampton ikaandaa mkutano wa wakutubi Weusi, na Blue alikuwamo. Najaribu kuiona siku ile: mtu wa miaka 61, amezungukwa na vijana wenye vyeti rasmi kutoka chuo chake cha zamani, vyeti ambavyo yeye hakuwahi kuwa navyo, katika fani ambayo kwa upande huu wa nchi yeye ndiye aliyeianzisha. Darasa la Louisville lilififia baada ya hapo. Shule ilikuwa imechukua kazi yake, kama ilivyopaswa.

Baadaye

Blue alifariki tarehe 10 Novemba 1935, akiwa bado kazini baada ya miaka 30. Idara ikaachwa kwa Rachel Harris, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 66. Shule ya Hampton ilifungwa mwaka 1939, na mafunzo ya aina hiyo yakahamia Atlanta mwaka 1941, jiji lilelile lililowarudisha akina Du Bois mlangoni.

Maktaba kuu ya Louisville ilifungua milango yake kwa Weusi mwaka 1948, na matawi mengine mwaka 1952. Tawi la Mashariki lilifungwa katika miaka ya 1970. Lile la kwanza la Mtaa wa Chestnut, linaloitwa la Magharibi, lilibaki, ingawa zilikuja nyakati za kutishiwa kufungwa. Mwaka 2001 mwanamuziki Prince alituma dola 12,000 kulisaidia, kimya kimya, na habari ikaenea alipokufa mwaka 2016.

Jengo la 1908 lipo palepale kwenye kona ya Mtaa wa Kumi na Chestnut, na bado linaazimisha vitabu. Ndani yake kuna hifadhi ya nyaraka za historia ya Weusi. Atakayetaka kumchunguza Thomas Blue, ripoti zake, barua zake na karatasi za darasa lake, atazikuta humo.